HABARI NI MALI YA USHIRIKA

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa mmojawapo wa Vyama vya Msingi mbele ya Mkutano wa Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Twatoa shukrani nyingi kwa heshima tuliyopewa sisi makatibu wa vyama vya msingi, ya kusema maneno machache katika siku hii ya furaha. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza jinsi Chama Kikuu kilivyozaliwa na jinsi kilivyolelewa kwa muda wa miaka kumi. Hatutayarudia maneno yao, maana yametosha. Kazi yetu sisi ni kalamu, mizani na daftari. Basi twaomba kusema juu ya kitu kipitacho mikononi mwetu kila siku, ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni mali. Kitu hicho ni habari: nani ana nini, nani ataka nini, kiasi gani, na lini.

Wazee wetu wenye maduka walikuwa na msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Twapenda kuongeza kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea, ikiwa daftari hilo limefungwa sandukuni na mwenye kulihitaji hakuliona.

Kila mmoja wetu hapa ameyaona mambo haya mawili. Kuna wiki ambazo nyanya hukosa mnunuzi, zikaozea shambani au zikamwagwa kando ya njia, na mkulima aliyekopa kwa ajili ya mbegu na dawa hurudi nyumbani bila ada ya shule ya watoto wake. Kisha kuna wiki ambazo mama wa mjini Arusha hununua nyanya tatu kwa bei ambayo zamani ilimtosha kujaza kikapu. Mvua ni zile zile, ardhi ni ile ile ya mlima Meru, na watu wa kula ni wale wale. Kwa nini basi soko liyumbe kama mlevi? Hilo ndilo swali letu la leo.

HESABU YA MIFUKO KUMI

Na tuanze kwa hesabu. Hii si hesabu ya chama fulani, ni mfano tu. Lakini kila ajuaye kujumlisha na kutoa aweza kuuthibitisha kwa kalamu yake mwenyewe.

Tuseme wanachama wa chama kimoja hununua mifuko 100 ya mbolea kila mwezi katika ghala ya chama. Chama hununua kwa Chama Kikuu, Chama Kikuu hununua kwa mfanyabiashara wa jumla mjini, naye mfanyabiashara huagiza kiwandani. Kila mmoja wao ana kanuni moja ya busara: mwisho wa mwezi abaki na akiba iliyo sawa na mauzo ya mwezi huo, asije akaishiwa.

Mwezi mmoja wanachama wakanunua mifuko 110 badala ya 100. Chama cha msingi chapaswa kurudisha ile 110 iliyouzwa, tena kiongeze akiba yake kutoka 100 hadi 110. Basi chaagiza 120. Chama Kikuu chaona agizo la 120. Hakijui habari za wanachama. Chajua agizo tu. Chafuata kanuni ile ile, nacho chaagiza 140. Mfanyabiashara wa mjini aona 140, naye aagiza 180 kiwandani. Kiwanda chadhani nchi nzima imeingia katika kilimo kipya.

Mwezi wa pili wanachama wakarudi kwenye mifuko yao 100. Chama cha msingi sasa kina akiba ya ziada, chaagiza 90 tu. Chama Kikuu chaona 90, chapunguza akiba, chaagiza 60. Mfanyabiashara wa mjini aona 60, naye ana mifuko 140 ghalani. Haagizi hata mmoja. Kiwanda kilichoambiwa 180 mwezi uliopita sasa chaambiwa: si kitu.

Ndugu zetu, tazameni. Mwanachama alizidisha mifuko 10 tu. Hakuna mwizi katika hesabu hii, hakuna mvivu, wala hakuna mlevi. Kila mtu alitenda kwa busara, ila kila mtu alitazama agizo la jirani yake peke yake. Fedha zikalala ghalani mwezi wa kwanza. Na kiwanda kilichopunguza kazi mwezi wa pili hakitakuwa na mbolea siku mvua za masika zitakapofungua.

Jambo hili lilielezwa vizuri na Bwana Jay Forrester, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 1958. Baadaye kampuni ya Procter & Gamble ilishangaa kuona kwamba maagizo ya nepi za watoto kutoka kwa wauzaji wake yanapanda na kushuka mno, na hali watoto huvaa nepi siku zote kwa kiasi kile kile. Mwaka 1997 wataalamu wa chuo cha Stanford, akiwamo Bwana Hau Lee, waliandika sababu zake. Wamarekani waliliita jambo hilo mjeledi. Sisi tuliokulia karibu na ng'ombe wa kulimia hatuhitaji kufafanuliwa: mkono hutikisika kidogo, lakini ncha ya mjeledi huruka mbali na kulia hewani. Mkono ni mwanachama na mahitaji yake. Ncha ni kiwanda, au ni mkulima, ikitegemea bidhaa yaelekea upande gani. Nasi katika mazao ndio tulio kwenye ncha.

SABABU ZINAZOONGEZA YUMBO

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo tuliyoieleza, ya kubahatisha mahitaji kwa kutazama maagizo.

Sababu ya pili ni hofu. Ikisikika kwamba mbolea mwaka huu ni haba, na kwamba kila mtu atapewa nusu ya alichoomba, basi mwenye haja ya mifuko mitatu huandikisha sita. Jirani yake akisikia huandikisha minane. Mbolea ikifika kwa wingi, kila mtu huchukua mitatu yake, na iliyobaki hulala katika ghala ya chama huku deni likizaa riba. Twajua jinsi bei za mbolea zilivyopanda duniani mwaka 2021 na zaidi baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022. Serikali yetu ilipoleta mbolea ya ruzuku katika msimu wa 2022/23, ilimtaka kila mkulima aandikishwe kwanza, ijulikane shamba lake na mazao yake. Wako walionung'unika kwamba ni usumbufu. Lakini fikirini: bila kujua mashamba, ingejulikanaje ni nani aliyeomba haja yake na ni nani aliyeomba hofu yake?

Sababu ya tatu ni kuagiza kwa mkupuo. Chama kikikaa miezi mitatu kimya, kisha kikaagiza lori zima siku moja, mwenye kuuza huona ukame wa miezi mitatu na gharika ya siku moja.

Sababu ya nne ni bei yenyewe inaporukaruka. Bei ikishuka watu hununua kuliko haja. Ikipanda huacha kabisa. Hapo muuzaji hawezi tena kujua haja ya kweli ni ipi.

NYANYA ZA NGARENANYUKI NA SOKO LA TENGERU

Sasa tuhame kutoka kwenye pembejeo twende kwenye mazao, maana huko ndiko machozi yaliko.

Kule Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa mlima wetu, watu hulima nyanya kwa maji ya mifereji, na malori huja kuzichukua kwenda Arusha, Dar es Salaam, na hata kuvuka mpaka wa Namanga kwenda Nairobi. Nyanya hukaa kitaluni kiasi cha mwezi mmoja, kisha hukaa shambani miezi miwili na nusu au mitatu kabla ya kuanza kuvunwa. Maana yake ni kwamba bei tunayoiona leo katika soko la Kilombero, au Tengeru siku ya Jumatano na Jumamosi, haituambii lolote juu ya soko la siku tutakayovuna sisi. Yatueleza tu ni watu wangapi walipanda miezi minne iliyopita.

Hata hivyo twafanyaje? Bei ikiwa nzuri leo, wote twakimbilia kitalu. Mtu aona jirani yake ameezeka bati jipya kwa fedha za nyanya, naye apanda ekari nzima. Jirani wa pili hufanya vivyo hivyo, na wa tatu. Miezi minne baadaye wote wavuna wiki moja. Dalali asimama barabarani akachagua kama bwana harusi. Waliopata hasara waacha nyanya wakaingia vitunguu, wote pamoja tena. Na nyanya zapotea sokoni, bei yapanda, nasi twaanza upya. Hapa hakuna uchawi. Ni watu wengi waliotazama dalili moja wakachukua hatua moja siku moja, kwa kuwa hakuna aliyejua mwenzake amepanda nini.

Laiti mwezi ule wa vitalu mtu mmoja angalihesabu miche ya bonde zima, akatangaza kwamba iliyopandwa ni mara mbili ya mwaka jana, je, wote wangalipanda? Wengine wangalisubiri wiki tatu. Wengine wangaligeukia kabichi au maharage. Na wale ambao wangalipanda, wangalipanda wakijua.

Tena habari haitoki shambani tu. Hutoka sokoni pia. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu. Siku chache baadaye, tarehe 10 Machi, ilifungua njia kwa masharti, kati yake wafanyabiashara waandikishwe na mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kiasi cha sumu hiyo. Katika siku kama hizo mwenye habari ya saa mbili asubuhi hamfanani mwenye habari ya wiki ijayo. Mmoja hukausha mahindi yake vizuri na kuyapima. Mwingine huyauza kwa bei ya kutupa kwa mtu ambaye amekwisha kusikia kwamba mpaka umefunguliwa.

FUNDISHO LA KAHAWA

Wazee wetu waweza kudhani kwamba haya ni mambo ya nyanya na vijana. La hasha. Kahawa imetufundisha fundisho lile lile, ila kwa miaka badala ya miezi, kwa sababu mkahawa hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa sawasawa.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil. Bei ikapanda hata mwaka 1977 ratili moja ikapita dola 3 za Marekani. Dunia ikapanda kahawa. Wakati huo ulikuwapo Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ulioanza mwaka 1962, ambao uligawa kiasi ambacho kila nchi yaruhusiwa kuuza nje. Julai 1989 mgawo huo ulivunjika, na bei zikaanguka. Miaka ya 1990 Vietnam ikapanda kwa nguvu kubwa, mpaka ikawa ya pili duniani baada ya Brazil. Mwaka 2001 na 2002 bei ya wastani ya kahawa duniani ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Hapa Meru na kwa jirani zetu wa Kilimanjaro watu wengi waliitelekeza mikahawa, na wengine waling'oa kabisa wakapanda ndizi, mahindi na mboga. Kisha mwaka 2011 bei ikarudi kupita dola 3, na Februari 2025 ikapita dola 4. Aliyeng'oa alitazama akaona kisiki.

Hatusemi kwamba mkulima wa Nkoaranga au Poli angaliweza kuizuia baridi ya Brazil. Hakuweza. Lakini kati ya baridi ya Brazil na jembe la Poli kuna miezi mingi, na katika miezi hiyo habari ilikuwapo: mnada wa Moshi uliijua, wanunuzi waliijua, magazeti ya London na New York yaliiandika. Isipofika kwa mwenye jembe, au ikimfikia baada ya kung'oa, basi ushirika haujafanya kazi yake. Chama kinachopima kahawa tu, kisichopima habari, ni nusu ya chama.

Wala si desturi ngeni kwetu Wameru kuipeleka habari ya kweli mahali inapohusika. Watu wetu walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walichangishana fedha, na mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza. Kama wazee hao waliweza kupeleka habari mpaka ng'ambo ya bahari kabla ya simu za mkononi, sisi twashindwaje kupeleka bei ya nyanya kutoka Kilombero mpaka Leguruki?

WAVUVI WA KERALA

Tutoe ushahidi mmoja wa mbali, kwa kuwa ulipimwa sawasawa. Katika pwani ya Kerala, kusini mwa Uhindi, wavuvi wa dagaa walikuwa na desturi ya kurudi kwenye soko la kijiji chao, wasijue hali ya masoko mengine. Bwana Robert Jensen, mtaalamu wa uchumi, aliandika mwaka 2007 kwamba asubuhi moja ya Januari 1997 wavuvi 11 katika soko la Badagara walimwaga samaki wao kwa kukosa wanunuzi, na hali katika masoko yaliyo ndani ya kilomita 15 walikuwako wanunuzi 27 waliokuwa karibu kuondoka mikono mitupu.

Kati ya mwaka 1997 na 2001 simu za mkononi ziliingia pwani hiyo. Wavuvi wakawa wakiuliza bei wangali baharini. Tofauti ya bei kati ya soko na soko ikapungua sana. Samaki wa kumwagwa, ambao walikuwa kiasi cha sehemu 5 hadi 8 katika kila 100, wakakoma. Faida ya wavuvi ikaongezeka kwa sehemu 8 katika 100. Na mlaji naye akanunua kwa bei iliyopungua kwa sehemu 4. Angalieni vema jambo hili: mvuvi alipata zaidi na mlaji alilipa pungufu. Hakuna aliyenyang'anywa. Kilichogawanywa ni kile kilichokuwa kikiozea pwani.

PINGAMIZI TUNAZOZISIKIA

Katika vikao vyetu twasikia pingamizi tatu, nazo si za kupuuzwa.

Wa kwanza husema, "Nikitangaza mzigo wangu, dalali atajua nina shida, ataninyonga." Ni kweli kwamba dalali akiijua akiba yako nawe hujui mahitaji yake, umekwisha. Lakini tazameni hali ilivyo sasa: dalali huzunguka vijiji vyote na kupiga simu kila soko, yeye anajua tayari. Asiyejua ni wewe na jirani yako. Kuficha kwetu hakumpofushi dalali. Kwatupofusha sisi wenyewe. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Isitoshe, hatutaki jina la mtu litangazwe. Tutakachotangaza ni jumla ya kijiji: ekari ngapi, zao gani, kuvunwa mwezi gani.

Wa pili husema, "Habari si chakula. Hata nikijua kwamba Nairobi kuna bei nzuri, nitafikaje?" Huyu amesema kweli. Mkulima aliyechukua mbegu na dawa kwa mkopo wa dalali, kwa ahadi ya kumwuzia yeye peke yake, habari haimfungui minyororo. Mwenye tenga tano hawezi kukodi lori. Kwa ajili hiyo habari na ushirika ni mapacha. Habari yatuonyesha soko; mkopo wa chama watupa uhuru wa kuchagua; na mizigo iliyokusanywa pamoja yajaza lori. Kimoja bila vingine hakisimami.

Wa tatu, naye ndiye twamwogopa zaidi, husema kwa sauti ya chini, "Habari zikifika ofisini, wakubwa huzitumia kwanza." Ndugu, neno hili ni zito, wala halifai kufunikwa kwa makofi ya sherehe. Historia ya ushirika katika nchi hii si ya ushindi mtupu. KNCU ilianza mwaka 1933, na ushirika ukawa fahari ya Tanganyika. Hata hivyo mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na Serikali, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Katika miaka yote hiyo, kabla na baada, ugonjwa uliodhoofisha vyama haukuwa ukosefu wa jua wala mvua. Mara nyingi ulikuwa mwanachama kutojua kilichofanyika ofisini. Mwanachama asiyejua huacha kuamini. Asiyeamini huuza pembeni usiku. Na anayeuza pembeni huiharibu hesabu ambayo chama kilimwahidi mnunuzi. Mnunuzi aliyeahidiwa tani 30 akapewa 18 hatarudi mwakani. Hivyo siri ndogo ya ofisini huzaa hasara kubwa shambani.

MAMBO MATANO TUNAYOYAOMBA

Kwa hayo yote, Bwana Mwenyekiti, sisi makatibu twaleta mbele ya Mkutano huu maombi matano, ili yapigiwe kura, si yapigiwe makofi tu.

La kwanza: kila chama cha msingi kiwe na daftari la upandaji. Mwanachama atoe habari ya zao, ukubwa wa shamba na tarehe ya kupanda, kabla miche haijatoka kitaluni. Jumla za vijiji zipelekwe Chama Kikuu, na jumla ya vyama vyote irudi vijijini ndani ya wiki hiyo hiyo. Habari inayopanda isishuke ni kodi. Inayopanda na kushuka ni ushirika.

La pili: itolewe taarifa ya soko kila Jumanne na kila Ijumaa jioni, kabla ya siku za soko la Tengeru. Ipelekwe kwa simu, ibandikwe ubaoni, na isomwe kwa sauti kwa ajili ya wale wasioona vizuri au wasiojua kusoma. Bei iandikwe kwa kilo, siyo kwa gunia la lumbesa lenye kilemba, maana bei bila kipimo cha haki ni uongo uliovaa nguo safi.

La tatu: katika pembejeo tuache kupelekeana maagizo matupu. Chama cha msingi kipeleke namba tatu kila mwezi: kilichouzwa kwa wanachama, kilichobaki ghalani, na kinachotarajiwa kwa mujibu wa daftari la upandaji. Chama Kikuu kimpe mfanyabiashara namba hizo hizo. Katika mfano wetu wa mifuko, kama mfanyabiashara angaliona kwamba waliouziwa mwishoni ni mifuko 110 tu, asingaliagiza 180. Na mwenye kuagiza aweke amana kidogo, ili hofu isijiandikishe kwa jina la haja.

La nne: habari itolewe kwa wote kwa saa moja. Mjumbe wa Halmashauri, katibu, karani wa mizani na mwanachama wa kijiji cha mwisho waipate pamoja. Nasi makatibu twakubali kuwa wa kwanza kufungwa na kanuni hii, na atakayeivunja aondolewe kalamu.

La tano: kila mwisho wa msimu tukae tukalinganishe tulichotazamia na kilichotokea. Tulidhani zitavunwa tani ngapi, zikavunwa ngapi? Tulidhani bei itakuwa nini, ikawa nini? Makadirio yatakosea; mwenye kukadiria bila kukosea hajazaliwa. Lakini makadirio yanayopimwa kila mwaka hukaribia ukweli, na yasiyopimwa hubaki ndoto. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika na wa vuli. Na uwe sehemu ya mazungumzo hayo.

Mambo haya matano hayahitaji jumba jipya. Simu ziko mifukoni mwetu. Kalamu zipo. Kinachohitajika ni mazoea mawili: la kusema kweli, na la kusema mapema.

MWISHO

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kuahidi kwamba bei hazitashuka tena. Mvua zitachelewa, mipaka itafungwa, baridi itaunguza Brazil, na watu wa mjini watabadili chakula chao. Mapigo yatokayo mbali hatuyawezi. Lakini yako mapigo tunayojipiga wenyewe kwa kupanda gizani na kuagiza kwa hofu, na hayo twayaweza. Katika hesabu yetu ya leo, mifuko 10 ilizaa agizo la 180 na kisha agizo la sifuri, pasipo mtu yeyote kutenda dhambi. Kilichokosekana ni neno moja la kweli kutoka ghala moja mpaka ghala nyingine.

Katika miaka kumi iliyopita tumejifunza kukusanya mazao pamoja. Twaomba miaka kumi ijayo tujifunze kukusanya habari pamoja, ili mzazi wa Ngarenanyuki apandapo miche yake awe amekwisha kujua wangapi wamepanda, na ili ada ya mtoto wake isitegemee bahati ya wiki moja ya Kilombero.

Twaomba karatasi za kura zigawanywe, na kila ombi lipigiwe peke yake.